Salfa, umande na shamba la jirani

Msimu wa 1973/74 Tanzania ilivuna tani zipatazo 145,000 za korosho, nyingi zikitoka kusini, Masasi na Newala zikiwemo. Msimu wa 1986/87 hazikufika 17,000. Wapo waliolaumu bei duni, wapo waliolaumu operesheni vijiji iliyowahamisha watu mbali na mikorosho yao, na wote walikuwa na hoja. Lakini mitini kwenyewe kulikuwa na unga mweupe uliokausha maua kabla hayajatunga korosho.

Huo ndio ubwiriunga, ugonjwa wa kuvu uliotambuliwa nchini mwishoni mwa miaka ya 1970. Hushambulia machipukizi na maua machanga, hustawi miezi ya baridi yenye umande mikorosho inapochanua, na husafiri kwa upepo.

Watafiti wa kituo cha Naliendele, Mtwara, walileta salfa ya unga. Asiyeijua Newala hataona uzito wa jambo hilo. Juu ya uwanda wa Makonde, Newala ilipo, hakuna mito; kwa miaka mingi akina mama waliteremka mabondeni kuteka maji na kupanda nayo kichwani. Nani angeyatumia kuchanganyia dawa ya mikorosho? Salfa haikudai hata kikombe. Mashine ya mgongoni huirusha kavu, nayo hunata kwenye majani yaliyolowa umande.

Kazi ikawa kujua wakati. Alfajiri, upepo ukiwa umetulia. Maua yanapoanza kuchomoza, si yakishaungua. Kisha kurudia kila baada ya wiki mbili hivi. Bwana shamba aliweza kuyasema hayo mkutanoni, ila mkorosho uliobeba kando ya usiobeba ulisema zaidi.

Tena hapakuwa na faida ya kuficha ujuzi. Ukipuliza wewe, mwenzako akaacha shamba lake pori, ugonjwa unarudi kwako na upepo wa kesho. Nadhani ubinafsi wenyewe ndio uliowafanya watu waelekezane. Wema peke yake usingefika mbali hivyo.

Miaka ya 1990 likazuka swali jipya: salfa yote hiyo inafanya nini ardhini? Vipimo vilionyesha kwamba inaongeza tindikali kwenye udongo ambao tayari ni dhaifu, na chini ya mikorosho hiyo hiyo watu hulima mihogo na mazao mengine ya chakula. Viuatilifu vya maji vipo, ila mwenye shamba uwandani lazima kwanza apate maji ya kuvichanganyia.