Gobore na Mnunuzi Wake

Sisi wapenzi wa bunduki tukikutana hatuulizani hali, tunaulizana umenunua nini. Huyu anasifu shabaha, yule anasifu wepesi, mwingine anataja bei kwa kunong'ona kama aliyetaja dhambi. Mimi swali langu huwa moja tu: risasi zake unazipata wapi? Bunduki isiyo na risasi ni rungu la bei ghali. Na swali hilo, ukilirudisha nyuma hadi karne ya 19, linafungua historia ya bara letu vizuri kuliko orodha ya vita na majina ya watemi.

Chukua kile kitabu cha maisha ya Hamed bin Muhammed el Murjebi, yaani Tippu Tip. Wengi tumekisoma kama moja ya tawasifu za mwanzo kabisa katika Kiswahili. Hebu kisome tena kwa jicho la mtu wa silaha. Jina lenyewe, anasema mwenyewe, lilitokana na mlio wa bunduki zake masikioni mwa watu waliokuwa wakikimbia. Wengine walidai ni kwa sababu ya macho yake yaliyokuwa yakipepesa. Mimi namwamini yeye. Mfanyabiashara hawezi kuliacha tangazo zuri hivyo lipite bure.

Bunduki zile zilitoka wapi? Miaka ya 1860 majeshi ya Ulaya yalianza kuziacha zile za kushindiliwa mdomoni na kuchukua za kujazwa kwa nyuma: Waingereza Snider, Wafaransa Chassepot, zote mwaka 1866. Miaka 20 tu baadaye hizo nazo zikapitwa, Lebel ikaingia. Kila jeshi lilipobadilisha silaha, maghala yalimwaga za zamani, na soko mojawapo la kumwagia lilikuwa Unguja. Mwaka 1888 balozi wa Uingereza pale, Euan-Smith, alikadiria kuwa bunduki zinazoingia Afrika Mashariki kwa mwaka ni kati ya 80,000 na 100,000. Mitumba hatujaanza leo, jamani.

Basi jiweke mahali pa mnunuzi wa Tabora enzi hizo. Mbele yako kuna mbili. Moja ni ya kisasa, inajazwa kwa nyuma, inapiga mbali, haraka. Nyingine ni gobore: unamimina baruti, unatia kitambaa, unatia risasi, unashindilia kwa mdeki, unaweka fataki, ndipo unalenga. (Fataki, naam, kabla halijawa jina la mzee anayefukuzia wanafunzi, lilikuwa kijikofia cha kuwashia baruti.) Gobore likipita mita 100 unabahatisha tu. Wasafiri wa Kizungu walilicheka, na wapenzi wa bunduki wa leo bado wanalicheka.

Mimi ningenunua gobore. Kitako kikivunjika, fundi wa kijijini anachonga kingine. Risasi zikiisha, mhunzi anafua vipande vya chuma, na shida ikizidi hata kokoto zinaingia. Ile ya kisasa inataka risasi yake na si nyingine, na risasi hiyo inatoka kiwandani, inapita baharini, forodhani, kisha miezi kadhaa mabegani mwa wapagazi. Umenunua bunduki, lakini ufunguo wake umebaki mfukoni mwa aliyekuuzia.

Hata gobore halikukomboa kabisa, kwa sababu ya baruti. Msiri, Mnyamwezi aliyejenga dola yake Katanga, alikuwa amekalia shaba, na wahunzi wake waliifua hadi risasi. Alichokosa ni baruti ya kutosha. Desemba 1891 aliuawa na watu wa msafara wa Stairs. Mirambo naye alipigana na Waarabu wa Tabora tangu 1871 hadi 1875, akawatesa kwelikweli, lakini baadaye tunamkuta akitafuta urafiki wa John Kirk, balozi wa Uingereza Unguja. Wengi wanauita ule uanadiplomasia. Mimi naona pia mtu anayejua njia ya baruti inapita wapi.

Na malipo? Hapo ndipo sifa za bunduki hunikwama kooni. Zililipwa kwa pembe, na zililipwa kwa watu. Bunduki ilileta mateka, mateka wakabeba pembe, pembe ikanunua baruti, na jirani aliyeona moshi ng'ambo ya mto alilazimika naye anunue, apende asipende. Yule mnunuzi wa Tabora niliyekuweka mahali pake hakuwa dukani akichagua kwa raha.

Agosti 1891, huko Lugalo, Wahehe wa Mkwawa waliteketeza kikosi cha Zelewski na kuteka bunduki kama 300. Ushindi mkubwa, ila lirudie lile swali langu. Risasi za bunduki zile Mkwawa hakuwa na duka la kuzinunua isipokuwa maiti za adui.

Na duka lenyewe lilikuwa linafungwa. Mkataba wa Brussels wa 1890 ulipiga marufuku kuingiza bunduki za kisasa baina ya latitudo 20 Kaskazini na 22 Kusini. Gumegume, lile la kuwashwa kwa jiwe, pamoja na baruti duni ya biashara, vikaachiwa mlango chini ya usimamizi. Aliyetaka bunduki bora aliomba kibali chenye jina lake na alama iliyogongwa kwenye silaha, cha miaka 5, na kinachoweza kufutwa. Ukipanga foleni leo kuhuisha leseni yako, makaratasi hayo yana babu yao. Mkataba uliandikwa kwa jina la kukomesha utumwa, na sababu hiyo haikuwa ya uongo. Lakini majeshi ya waliotia saini hayakuhitaji kumwomba mtu kibali.

Tarehe 30 Agosti 1905 wapiganaji wa Majimaji waliishambulia boma ya Mahenge. Waliwakuta Wajerumani na bombomu mbili. Ebrahim Hussein, katika Kinjeketile, ametufundisha kujiuliza juu ya maji. Nami kila ninapoisoma tamthilia ile akili inakimbilia kwa mtu mmoja asiye na jina, mwenye gobore, aliyekuwa katikati ya umati ule wa mikuki: miaka 15 baada ya Brussels, baruti yake aliipata kwa nani, na ilimtosha kupiga mara ngapi?