Gita la Umeme katika Nchi ya Ruiru na Thika

Historia ya gita la umeme katika nchi iliyo baina ya Ruiru na Thika haianzi na gita. Yaanza na maji. Mito ya nchi hiyo hushuka kwa kasi kutoka milima ya Nyandarua, na mwanzoni mwa karne ya 20 maporomoko ya Ruiru yalitiwa mtambo wa kuzalisha umeme kwa ajili ya mji wa Nairobi. Mwaka wa 1925 kikafuata kituo cha Ndula katika Mto Thika. Nguvu ilitoka mashambani ikaenda mjini, na wakulima wengi waliokaa kando ya mito ile waliendelea miaka mingi kuwasha taa za mafuta.

Kanuni inayotawala mtambo wa mtoni ndiyo inayotawala gita. Michael Faraday aliionyesha mwaka wa 1831: sumaku ikisogezwa karibu na waya uliozungushwa, umeme huzaliwa ndani ya waya. Mtoni, kazi ya kuzungusha ni ya maji. Katika gita, uzi wa chuma hutikisika juu ya sumaku zilizozungushiwa waya mwembamba, ukazaa umeme mdogo sana ambao amplifaya huukuza hata ukasikika uwanja mzima. Magita ya namna hii yalianza kuuzwa Marekani mwaka wa 1932. Nchini Kenya, Fundi Konde wa Pwani, aliyezaliwa mwaka wa 1924, alikuwa miongoni mwa watu wa kwanza kulitumia.

Katika miaka ya 1960 muziki wa benga ulienea kutoka Nyanza, ambako wapiga gita Wajaluo walifuatisha sauti ya nyatiti, chombo cha nyuzi 8. Huko Gatanga, jirani ya Thika, Daniel Kamau alitoa sahani zake za kwanza mwaka wa 1967, naye ahesabiwa miongoni mwa walioiingiza benga katika nyimbo za Kikuyu. Gatanga ikapata sifa ya kuzaa wanamuziki. John De'Mathew, mwana wa huko huko, aliimba mpaka alipofariki katika ajali ya gari mjini Thika mwaka wa 2019.

Benga haina huruma kwa gita lisilolingana sauti. Gita moja huongoza kwa sauti za juu, jingine hulijibu. Uzi mmoja ukilegea kidogo tu, msikilizaji hujua. Ndiyo maana daraja la tremolo ni mtihani kwa mpigaji. Leo Fender wa California alilitia katika gita lake la Stratocaster mwaka wa 1954. Jina lenyewe lina kosa, kwani tremolo ni kutetemeka kwa nguvu ya sauti, hali mkono wa daraja hilo hushusha na kupandisha sauti yenyewe. Nyuzi 6 hulivuta daraja upande mmoja kwa nguvu inayoweza kukaribia kilo 45. Springi zilizofichwa mgongoni mwa gita, 3 hadi 5, hulivuta upande wa pili. Nguvu hizo mbili zikilingana, daraja hutulia.

Kwa hiyo hapana uzi ulio peke yake. Ukikaza mmoja, daraja huinuka kidogo na nyingine zote hushuka sauti. Mmoja ukikatika, springi hushinda, na zilizobaki hupanda. Mpigaji mwenye busara huzipitia zote mara mbili au tatu mpaka zipatane. Daraja likiinuka mno, hukaza skrubu 2 zinazoshika springi, kisha huanza tena. Nyuzi mpya huzivuta kwanza kwa vidole mpaka ziache kunyooka.

Adui mkubwa ni msuguano. Juu ya shingo ya gita pana kizingiti kidogo chenye vifereji vya kupitishia nyuzi. Kifereji kikiwa chembamba, uzi hukwama humo, na mkono unapoachwa haurudi mahali pake. Dawa yake ni nyepesi: unga mweusi wa penseli, kiasi cha kulainisha njia. Usipoziba ufa utajenga ukuta. Naye asiyehitaji mkono ule aweza kutia kipande cha mti nyuma ya daraja, lisisogee kabisa.

Watu hudhani kwamba chombo cha kigeni kikiisha kununuliwa kimekuwa chetu. Sivyo. Mtambo wa Ruiru ulisimama katika nchi ya wenyeji bila kuwa wao, maana waliouendesha na kuutengeneza walikuwa wengine. Gita limekuwa la Gatanga kwa sababu vijana wake walijifunza kulipiga, kulifungua na kulifunga. Chombo ni cha yule ajuaye kukirudishia sauti yake kinapoipoteza.