Kabla useme Tana River ni "wakulima na wafugaji" tu, soma hii

Wasee, ukitafuta Kilelengwani mtandaoni, kitu cha kwanza kutokea ni damu. Septemba 10, 2012, kijiji kilivamiwa alfajiri na watu wasiopungua 38 wakauawa, wakiwemo polisi waliotumwa kukilinda. Ukiendelea unakutana na Riketa, Agosti mwaka huo huo, halafu Chamwanamuma. Kila habari inamaliza na ile sentensi moja: Wapokomo ni wakulima, Waorma ni wafugaji, wanapigania maji na malisho. Basi, tumeelewa, twende ukurasa mwingine.

Mimi sijaelewa. Hawa watu wamekaa mto mmoja kwa mamia ya miaka. Kama shida ni jembe na ng'ombe, mbona hawakumalizana kitambo? Kwa hivyo leo tunaongea kuhusu shamba. Shamba dogo la familia, la mpunga na ndizi, chini kabisa pale Tana inapokaribia bahari karibu na Kipini.

Shamba la Mpokomo halikukatwa kama ploti za Kitengela. Ni ukanda unaoanza ukingoni mwa mto na kurudi nyuma mpaka bondeni. Kwenye ukingo, palipoinuka, unaweka miembe na migomba. Nyuma yake mahindi na kunde. Bondeni, mahali maji hutuama, mpunga. Mto hufurika mara mbili kwa mwaka, baada ya mvua za masika na tena za vuli, unaacha udongo mpya wenye rutuba, na wewe unapanda maji yakishuka. Mbolea ya bure kutoka Mlima Kenya na Aberdare, hakuna duka la pembejeo.

Huku chini kuna ujanja mwingine. Bahari ikijaa, hasa wakati wa bamvua, inausukuma mto urudi nyuma. Maji matamu ya mto yanapanda juu na kuingia kwenye mashamba ya mpunga. Hakuna pampu wala dizeli. Mwezi ndio unamwagilia.

Na hawa hawakuwa wakilima ya kula tu. Karne ya 19, mitumbwi ilibeba nafaka kutoka mtoni hadi bandari ndogo ya Kau, kwenye mto Ozi, na kutoka hapo hadi Lamu. Ndipo enzi za masultani wa Witu ukachimbwa mfereji wa Belezoni kuunganisha Tana na Ozi, mitumbwi ipite bila kuzunguka. Sasa skia hii: baadaye Tana yenyewe iliufuata huo mfereji. Mto mrefu kuliko yote Kenya, karibu kilomita 1,000, uko na mdomo wake Kipini leo kwa sababu watu walitaka kufikisha mzigo sokoni. Shule nilisoma Tana mwaka mzima na hakuna mwalimu aliyenigusia hilo.

Waorma nao hawakuwa wageni kwenye mpango huu. Kiangazi kikikaza huko bara, ng'ombe hushuka delta kupitia malka, njia za kufikia maji zinazokatiza katikati ya mashamba. Mavuno yakiisha, mifugo inakula mabua na kuacha samadi. Maziwa yanabadilishwa na nafaka. Ugomvi ulikuwepo, tusidanganyane, lakini kulikuwa na wazee wa pande zote mbili, gasa kwa Wapokomo na matadeda kwa Waorma, na kulikuwa na kalenda. Kila mtu alijua mto utajaa lini na utashuka lini.

Kalenda ndiyo iliyovunjwa. Kindaruma ilikamilika 1968, zikafuata Kamburu na Gitaru, halafu Masinga 1981 na Kiambere 1988. Hizo ndizo stima zetu. Ndakaini, inayopelekea Nairobi maji ya bomba, iko kwenye mto Thika, na Thika inamwaga Tana. Ukioga Umoja au Kilimani umeoga maji ambayo yangefika Kilelengwani. Sisemi tuzime taa. Nasema mafuriko madogo ya kila msimu, yale ya kulisha shamba, yalipungua, na tukabaki na yale makubwa mabwawa yakifurika, kama 1997, 2018 na 2023, yanayobeba mpaka nyumba. Mto ukidhoofika, bahari haisukumi tena maji matamu, inaingia yenyewe. Mashamba ya mpunga huko Ozi na Kilelengwani yameonja chumvi, na mpunga haujui kusamehe chumvi.

Juu ya hapo ongeza miradi mikubwa. TARDA ilianzisha mpunga wa kisasa kwenye delta kwa ufadhili wa Japani, El Niño ya 1997 ikaubomoa. 2008 ikaja ndoto ya miwa, TARDA na Mumias, hekta 20,000 hivi. Delta ni ile ile, kila mpango mpya unamsukuma mkulima na mfugaji kwenye kipande kidogo zaidi. Malka zinafungwa, kingo zinabanana. Halafu 2012 tunashangaa. Walioshika panga na bunduki wana hatia yao na siwatetei, lakini miaka arobaini ya maamuzi yaliyofanywa ofisini haijawahi kusimama kizimbani.

Mwaka 2013 Mahakama Kuu iliamua kwamba mipango ya delta ihusishe wenyeji. Sawa. Sasa kuna High Grand Falls, bwawa linalopangwa huko juu kati ya Kitui na Tharaka Nithi, kubwa kuliko Masinga. Mkisikia wanasiasa wakilitaja, mtasikia megawati na ekari za kumwagilia. Mimi nina swali moja kwa yeyote atakayekuja kwa komenti na hizo megawati: maji ya kufurisha Kilelengwani kila Aprili yataachiliwa siku gani, na nani atapiga simu kuwaambia?