Okapi wa Msitu wa Ituri

Ewe msomaji, ukaaye Kaloleni, Makadara au mtaa wo wote wa mashariki mwa Nairobi, huenda umewahi kumwona punda akivuta mkokoteni. Ukikuta alama za miguu yake matopeni humdhanii kuwa ni ng'ombe, maana ukwato wa punda ni mmoja mzima, nao wa ng'ombe umepasuka. Jambo dogo hilo lilimpoteza mtu mkubwa.

Mwaka 1890 H. M. Stanley aliandika kwamba Wambuti wa msitu wa Ituri, Kongo, walimjua mnyama afananaye na punda. Miaka 10 baadaye Sir Harry Johnston, kamishna wa Waingereza katika Uganda, aliwarudisha kwao Wambuti waliochukuliwa na Mjerumani mmoja ili wakaonyeshwe Paris. Hao ndio waliomweleza habari za okapi. Alipofika Ituri, wenyeji wakamwonyesha nyayo zake: kwato zimepasuka! Johnston, aliyetazamia jamaa ya punda milia, akakataa kuamini, akadhani anadanganywa.

Alirudi na vipande vya ngozi tu. Mapema mwaka 1901 wataalamu wa London walivitazama, wakampa mnyama jina la ukoo wa farasi. Mwaka huo huo Karl Eriksson, ofisa Mswidi aliyetumikia Kongo, akapeleka ngozi nzima na mafuvu mawili. Ndipo Ray Lankester alipotambua kwamba okapi ni ndugu wa twiga. Nyayo zilikuwa zimesema kweli tangu mwanzo. (Huko huko London, mwaka 1799, George Shaw alipopokea ngozi ya platipasi wa Australia, alishuku kwamba mtu ameishonea mdomo wa bata.)

Okapi hupenda kutembea peke yake katika msitu mnene, akila majani na kucheua. Ulimi wake ni mrefu hata hufika masikioni. Jike humzidi dume kwa ukubwa, lakini pembe ni za dume peke yake, fupi, zimevikwa ngozi. Mimba huchukua miezi 14 au zaidi. Milia ya mapajani humficha vema katika mwanga hafifu wa msituni, ambako chui humwinda.

Hifadhi yake ilianzishwa mwaka 1992. Mwezi wa Juni 2012 watu wenye silaha walivamia makao yake, Epulu, wakaua watu. Okapi 14 waliofugwa hapo wakaangamia wote. Wa msituni wangaliko, ila haba. Watafiti hufuata mavi yake ili kukadiria idadi yao, kwa kuwa mwenyewe haonekani kwa urahisi.