Mashindano ya Kupunguza Uzito

Mashindano ya kupunguza uzito ni utaratibu wa watu kujiunga katika vikundi, kupimwa kwenye mizani kwa vipindi vilivyopangwa, na kushindanishwa, mtu na mtu au kundi na kundi, kwa kipimo cha uzito walioupunguza. Huendeshwa kazini, kwenye nyumba za ibada, viwanjani au katika mji mzima, mara nyingi kwa wiki 8 hadi 12. Ndani yake mna nguvu mbili. Ushindani humvuta mtu aanze na humtia bidii kwa muda. Msaada wa wenzake humshikilia asikate tamaa pale mizani inapogoma kushuka. Programu zilizodumu zimetumia zote mbili, na zile zilizoegemea ushindani peke yake zimeacha historia isiyopendeza.

Vikundi vya kusaidiana vilitangulia. Mwaka 1948, mjini Milwaukee, katika jimbo la Wisconsin, Marekani, Esther Manz aliwakusanya rafiki zake jikoni kwake na kuanzisha TOPS, chama kisicho cha kibiashara ambacho wanachama wake hupimwa kila wiki na kupongezana. Ushindani ulipata nafasi humo pia, kwani chama huwavika taji la mfalme na malkia wale waliopunguza uzito mwingi kuliko wengine. Mwaka 1961, mama wa nyumbani wa Queens, New York, aitwaye Jean Nidetch, aliyekuwa na karibu kilo 97, aliwaita rafiki zake wanene nyumbani kwake. Kliniki ya idara ya afya ya jiji ilikwisha kumpa karatasi ya lishe. Alichokosa ni watu wa kuwaeleza kwamba alikuwa akila biskuti kwa siri. Mikutano hiyo ilizaa Weight Watchers mwaka 1963, na mwaka 1978 kampuni hiyo ilinunuliwa na kampuni ya vyakula ya Heinz. Uingereza ilipata Slimming World mwaka 1969.

Mkutano wa kila wiki, pamoja na usahili wake, una faida inayopimika. Utafiti uliofanywa Uingereza na kuchapishwa mwaka 2017 katika jarida la Lancet ulifuatilia watu 1,267. Waliopewa kijitabu na ushauri mfupi tu walikuwa wamepunguza wastani wa kilo 3.3 baada ya mwaka mmoja. Waliolipiwa mikutano ya Weight Watchers kwa wiki 12 walipunguza kilo 4.8, na waliohudhuria kwa wiki 52 walipunguza kilo 6.8. Muda wa kukaa na wenzao ndio uliowatofautisha zaidi hao wa mwisho.

Mashindano yenyewe yalianza kuchunguzwa kisayansi katika sehemu za kazi. Mwaka 1984, Kelly Brownell na wenzake walichapisha matokeo ya mashindano matatu yaliyofanywa ndani ya makampuni ya Marekani au baina yao, yakiwemo mabenki. Wastani wa uzito uliopungua ulikuwa kilo 5.5. Takwimu iliyowashangaza wataalamu ilikuwa nyingine: walioacha njiani hawakufika hata asilimia 1, ilhali katika programu za kawaida za wakati huo kuacha njiani lilikuwa jambo la kila siku. Mfanyakazi ambaye angekwepa miadi ya daktari hakutaka kuiangusha timu yake, na gharama ilikuwa ndogo mno. Wafanyakazi na mameneja walisema pia kwamba uhusiano wao kazini uliboreka.

Kwa nini kundi lina nguvu hivyo? Jibu moja lilitolewa na watafiti Rena Wing na Robert Jeffery mwaka 1999. Waliwapokea watu 166, baadhi wakiwa peke yao na wengine wakiwa na ndugu au rafiki watatu. Miongoni mwa waliokuja peke yao na kupewa mafunzo ya kawaida, asilimia 76 walimaliza programu. Waliokuja na watu wao, wakafundishwa na namna ya kusaidiana, walimaliza asilimia 95. Miezi 6 baada ya mafunzo kwisha, asilimia 66 ya hao walikuwa hawajarudisha hata sehemu ya uzito walioupunguza, dhidi ya asilimia 24 ya waliokuja peke yao. Mwaka 2007, Nicholas Christakis na James Fowler walichambua kumbukumbu za watu 12,067 wa utafiti wa moyo wa Framingham, Massachusetts, wakaeleza kwamba mtu ambaye rafiki yake alinenepa kupita kiasi alikuwa na uwezekano uliozidi kwa asilimia 57 wa kunenepa naye. Baadhi ya wanatakwimu walipinga tafsiri hiyo, wakisema watu wenye mwelekeo mmoja huchaguana kuwa marafiki tangu mwanzo. Hata hivyo, hoja ya kwamba watu wa meza moja huigana katika kula haina mpinzani wa dhati.

Pesa nazo huongeza mvuto. Katika jaribio lililofanywa na wafanyakazi 105 wa hospitali ya watoto ya Philadelphia na kuchapishwa mwaka 2013, baadhi waliahidiwa dola 100 kwa mwezi kila mmoja iwapo wangefikia lengo. Wengine waliwekwa katika makundi ya watu watano, na dola 500 za kundi ziligawanywa kwa waliofikia lengo peke yao. Baada ya wiki 24, waliokuwa katika makundi walikuwa wamewazidi wenzao wa malipo ya mtu mmoja mmoja kwa zaidi ya kilo 3. Wasomaji wa Afrika Mashariki wanaofahamu upatu na vikoba wataelewa haraka siri yake: fedha iliyo mikononi mwa kundi ina macho mengi.

Mpira wa miguu umewafikia wanaume ambao kliniki za lishe hazikuwapata kamwe. Nchini Uskoti, klabu 13 za kulipwa ziliwapokea wanaume 747 wa umri wa miaka 35 hadi 65 katika utafiti wa Football Fans in Training, uliochapishwa mwaka 2014. Walikutana kila wiki, kwa wiki 12, katika uwanja wa klabu waipendayo. Makocha wa klabu waliwafundisha kupunguza chakula na pombe, na kuhesabu hatua za kutembea. Mwaka mmoja baadaye walikuwa wamewazidi wasiofundishwa kwa karibu kilo 5. Hayo hayakuwa mashindano. Uingereza ilikuja kuongeza ushindani kupitia ligi za MAN v FAT, zilizobuniwa na Andrew Shanahan: wachezaji hupimwa kabla ya mechi, na uzito uliopungua huongezwa kwenye mabao ya timu. Timu iliyofungwa uwanjani inaweza kushinda kwenye mizani. Ubunifu huo unastahili kuigwa popote penye uwanja na mpira, kwa kuwa mchezaji mnene, ambaye kwa kawaida huwekwa benchi, hapo ndiye mwenye mabao mengi ya kuipa timu.

Mfano mkubwa wa mji mzima ni Oklahoma City. Baada ya jarida moja la mazoezi kuutaja mji huo miongoni mwa miji yenye watu wanene zaidi Marekani, meya Mick Cornett, ambaye mwenyewe alikuwa akipambana na uzito wake, alisimama mbele ya tembo wa bustani ya wanyama mwishoni mwa Desemba 2007. Alitangaza kwamba mji wote unaanza kupunguza uzito, na lengo ni ratili milioni moja, yaani kilo 454,000 hivi. Makanisa, shule na makampuni yaliunda timu na kushindana. Lengo lilitimia Januari 2012, kukiwa na washiriki wapatao 47,000. Kilo hizo zilitajwa na washiriki wenyewe, kwa hiyo hesabu yake haina uzito wa kisayansi. Thamani ya kampeni ilionekana kwingine. Watu walipoanza kuzungumzia afya hadharani, walitambua kwamba mji wao ulijengwa kwa ajili ya magari. Desemba 2009 wapiga kura walikubali kodi ya mauzo ya senti moja iliyokusudiwa kukusanya dola milioni 777 kwa miradi iliyohusisha bustani, njia za waenda kwa miguu, njia za baiskeli na vituo vya afya vya wazee.

Upande wa pili, wa ushindani peke yake, ni kipindi cha televisheni cha The Biggest Loser, kilichoanza Marekani mwaka 2004, ambako washiriki walifanya mazoezi kwa saa nyingi kila siku na kutolewa mmoja baada ya mwingine. Mtafiti Kevin Hall na wenzake waliwapima 14 kati yao miaka 6 baadaye. Kwa wastani walikuwa wamepunguza kilo 58 mashindanoni, na kilo 41 zilikuwa zimerudi. Miili yao wakati wa kupumzika ilitumia karibu kalori 500 kwa siku pungufu ya ilivyotarajiwa kwa watu wa uzito wao.

Afrika Mashariki ina sababu ya kulitazama jambo hili kwa makini. Utafiti wa kitaifa wa Kenya wa mwaka 2014 ulikuta asilimia 33 ya wanawake wa miaka 15 hadi 49 wana uzito uliozidi, na ule wa Tanzania wa 2015–16 ulikuta asilimia 28. Msingi wa kijamii upo tayari. Vikundi vya jogingi vya Dar es Salaam hukimbia mwishoni mwa wiki kwa nyimbo na fulana za sare, na Zanzibar hufanya tamasha la mazoezi ya viungo kila Januari 1. Kigali hufunga baadhi ya barabara zake kwa magari siku maalumu ili watu wakimbie. Kikwazo ni mtazamo: kwa wengi kitambi bado ni dalili ya maisha mazuri, na anayekonda ghafla huulizwa kama anaumwa. Kundi hupunguza makali ya maswali hayo, kwani watu ishirini wanaokonda pamoja hawaulizwi kama anavyoulizwa mmoja.

Kanuni za uendeshaji ni chache. Washindani hulinganishwa kwa asilimia, wala si kwa kilo: mtu wa kilo 120 aliyepunguza 6 na mtu wa kilo 80 aliyepunguza 4 wamefanya kazi sawa, asilimia 5, kiwango ambacho tayari huweza kushusha shinikizo la damu na sukari. Mwendo unaofaa ni nusu kilo hadi kilo moja kwa wiki, na anayezidi hapo asipewe alama za ziada, maana zawadi ya kasi huwasukuma watu kujinyima maji na kumeza dawa za kuharisha. Uzito wa mtu haubandikwi ukutani. Hutangazwa wa timu. Wajawazito, wanaonyonyesha, wenye historia ya matatizo ya ulaji na wanaotumia insulini hawaingizwi bila idhini ya daktari. Na kwa kuwa uzito hurudi pale kundi linapovunjika, mwandaaji apange mikutano ya baada ya fainali, na tarehe ya kupima tena mwaka mmoja baadaye, kabla hajanunua kombe.