Njia ya Ujiji na Jua la Ziwani

Katika kitabu alichokitoa mwaka 1860, msafiri Mwingereza Richard Burton anataja watu wenye ualbino aliowaona Uzaramo alipokuwa akitoka pwani. Februari 1858 yeye na mwenzake Speke wakafika Ujiji, mwisho wa njia ya misafara, kando ya Ziwa Tanganyika. Kwake watu wale walikuwa jambo la kushangaza njiani, likaandikwa, likapitwa. Kumbe jambo lenyewe lilikuwa limetembea Afrika muda mrefu kuliko msafara wowote.

Mwaka 1995 watafiti walichapisha uchunguzi wa vinasaba vya Watanzania wenye ualbino. Wengi walikutwa na kasoro moja: kipande cha herufi za DNA zipatazo 2,700 kimenyofoka kwenye jeni iitwayo OCA2. Kasoro hiyohiyo ipo hadi Afrika Kusini. Wataalamu wanaona ilitokea mara moja, kabla Wabantu hawajatawanyika, kisha ikasafiri nao kimyakimya. Aliyeirithi kwa mzazi mmoja haonekani kuwa nayo. Wenye nayo wawili wakizaa, kila mimba ina nafasi moja kati ya nne ya kuleta mtoto mwenye ualbino.

Kasoro hiyo haisababishi saratani, inaondoa kinga. Melanini, rangi ya ngozi, ndiyo kinga hiyo: hujikusanya juu ya kiini cha seli ya ngozi kama kofia. Mtu asipokuwa nayo ya kutosha, mionzi ya urujuanimno hupenya hadi kwenye DNA na kuzigandisha herufi mbili zilizo jirani. Seli ina mafundi wake, protini za kurekebisha DNA: hukata kipande chenye herufi 30 hivi, kisha hujaza pengo kwa kunakili uzi wa pili. Aziz Sancar, aliyeeleza kazi hiyo hatua kwa hatua, alikuwa mmoja wa watatu waliopewa Nobel ya kemia mwaka 2015. Kuna ugonjwa wa kurithi, xeroderma pigmentosum, ambamo mafundi wenyewe hawafanyi kazi. Katika ualbino mafundi wapo wazima, ila kazi imewazidi. Kosa lisilorekebishwa likiangukia jeni ya p53, mlinzi anayeizuia seli iliyoharibika isijigawe, saratani hupata mlango.

Mwambao wa Kigoma, ulipo mji wa Ujiji, nyuzi tano hivi kusini mwa ikweta, kazi ya mafundi hao ni nzito. Dagaa huvuliwa usiku kwa taa, lakini huanikwa mchana, jua likiwa utosini na mchanga ukilirudisha usoni.

Mwaka 1985 mtafiti Luande na wenzake walitoa taarifa ya watu 350 wenye ualbino waliowachunguza Dar es Salaam. Madhara ya jua yalianza utotoni, na saratani zilizokomaa zilionekana kwa watu wa miaka ya ishirini. Walioambiwa vizazi kwa vizazi kuwa hawazeeki kwa laana, walikuwa wakiuawa na jua.

Kisha wakaanza kuuawa na watu. Mauaji yaliposhika kasi Kanda ya Ziwa na magharibi kuanzia miaka ya 2006 na 2007, shule ya Kabanga, Kasulu, iliyokuwa ya watoto wenye ulemavu, ikageuka kimbilio. Ukuta ulimzuia mwenye panga. Jua halina haja ya lango.

Tiba nayo ilikuwa mbali, pwani. Reli ya Kati ilifika Kigoma mwaka 1914, ikifuata kwa sehemu kubwa njia ya misafara. Kwa miaka mingi tiba ya mionzi nchini ilipatikana Ocean Road pekee, Dar es Salaam, katika hospitali iliyojengwa na Wajerumani mwishoni mwa karne ya 19. Mgonjwa wa Ujiji aliyehitaji tiba hiyo ilimbidi avuke kilomita zaidi ya 1,200 kuelekea pwani, mara nyingi kidonda kikiwa kimeshakula sikio au shavu.

Katika miaka ya 2010, kituo cha mafunzo ya magonjwa ya ngozi kilichopo hospitali ya KCMC, Moshi, kilianza kutengeneza Kilisun, mafuta ya kukinga jua yaliyobuniwa kwa ajili ya ngozi hiyo. Pamoja na kofia pana na mikono mirefu, huwapunguzia mafundi wa seli mzigo. Njia iliyozoea kumpeleka mgonjwa pwani inaweza kuleta mafuta hayo Ujiji kabla kidonda hakijaanza.