Pombe ya Mama na Pombe ya Kiwanda: Habari za Upikaji wa Pombe katika Katanga

Mgeni akiuliza pombe ya Katanga ni gani, tutamjibu mara moja: Simba na Tembo. Majina hayo mawili yako juu ya meza zote za Lubumbashi, yako juu ya kuta za maduka, yako ndani ya nyimbo. Lakini ni majina ya juzi. Kiwanda kilichoyaleta hakijafika miaka mia tatu, wala miaka mia mbili. Ni cha mwaka wa 1925. Na ukitoka Lubumbashi kwenda Mitwaba, safari ya kilometa zaidi ya 400 kwa njia ambayo mvua yaiharibu kila mwaka, utaona kwamba kreti za chupa zafika kwa shida na kwa bei kubwa. Watu wa kule hawakungoja kreti ili wanywe. Walikuwa na pombe yao, na wanayo hata leo.

Juu ya nini habari hizi katika kurasa zetu? Kwa sababu sisi mapadri na wakatekista, tunapohubiri, twasema neno moja tu: pombe. Ndani ya neno hilo twatia munkoyo wa mama, bia ya kiwanda na lutuku ya kificho, kana kwamba ni kitu kimoja. Historia yatuonyesha kwamba ni vitu vitatu, vyenye chanzo mbalimbali na watu mbalimbali. Asiyevitofautisha ataumiza watu wasio na kosa, na zaidi wanawake.

Tutazame kwanza kazi yenyewe. Nafaka ina wanga ndani yake. Wanga si sukari, na chachu haiwezi kuufanya kuwa pombe. Lazima kwanza uvunjwe uwe sukari. Kule Ubelgiji kazi hii yafanywa na kimea: shayiri yaloweshwa, yaachwa iote, na katika kuota yapata nguvu ya kuvunja wanga wake. Wazee wetu nao walijua kimea. Ulezi na mtama vililoweshwa, vikafunikwa kwa majani, vikaota, vikaanikwa, vikasagwa. Katika upande huu hakuna aliyemfundisha mwingine. Mpikaji wa Flandre na mama wa kijiji walifika mahali pamoja, kila mmoja kwa njia yake.

Lakini munkoyo yapita njia nyingine. Mama apika uji wa unga wa mahindi, aupika muda mrefu, kisha auacha upoe mpaka kidole kivumilie. Ndipo aleta mizizi aliyoiponda mpaka imekuwa kama nyuzi, aitia ndani ya uji, akoroga. Baada ya saa chache uji uliokuwa mzito waanza kuwa mwepesi kama maji, na ladha yake yawa tamu bila sukari. Kumbe mzizi wenyewe ndio wenye nguvu ile ya kuvunja wanga! Kimea si lazima. Siku ya kwanza munkoyo ni kinywaji cha watoto na wazee, chakula zaidi kuliko pombe. Siku ya pili na ya tatu yachacha, yapata ukali, na hapo ndipo wanaume wakaribia.

Wataalamu wa Ubelgiji na wa Kongo waliichunguza mizizi hiyo, na mwaka wa 1992 walitoa andiko lao katika gazeti la elimu ya mimea la Ubelgiji. Walieleza kwamba si mmea mmoja tu. Wapikaji watumia mimea ya jamaa tatu, ambazo kwa Kilatini zaitwa Eminia, Rhynchosia na Vigna, zote za ukoo wa kunde na maharagwe. Mama wa kijiji hajui majina hayo, lakini ajua mzizi upi watoka vizuri na upi waharibu uji. Elimu hiyo aliipata kwa mama yake. Mahindi yalitoka Amerika, yakaingia katika inchi zetu kwa njia ya biashara ya pwani. Basi hao wamama walichukua nafaka ngeni na kuifunga na mzizi wa pori lao. Nathubutu kusema kwamba huo ni uvumbuzi mkubwa, ijapokuwa haukuandikwa jina la mtu.

Siku za mbele pombe ilikuwa na majira yake. Ilifuata mavuno. Miezi ya njaa, kabla ya mahindi mapya, mtungi ulikaa mtupu, maana nani atapika uji wa pombe watoto wakilala na njaa? Mwanamke Mwingereza Audrey Richards, aliyekaa kwa Wabemba katika Rhodesia ya Kaskazini na kutoa kitabu chake mwaka wa 1939, aliyaandika mambo hayo kwa uangalifu: ginsi pombe ya ulezi ilivyomiminiwa maji ya moto na kunywewa kwa mrija, ginsi ilivyowaita watu kwenye kazi ya shamba. Kwetu Katanga ilikuwa hivyohivyo. Mwenye shamba kubwa hakulipa franga. Mke wake alipika, majirani walilima, jioni wakanywa pamoja. Mtungi ukiisha, karamu imekwisha. Hakuna aliyeweza kuagiza mwingine.

Wazee wa Kiluba wana habari nyingine juu ya kipimo. Wasimulia juu ya Nkongolo Mwamba, mfalme mwekundu, mlevi na mkatili, ambaye alikula na kunywa mbele ya watu wote bila haya. Akatokea upande wa mashariki mwindaji Mbidi Kiluwe, mtu wa heshima, ambaye hakukubali kuonwa akila wala akinywa. Kutoka kwa mwana wake Kalala Ilunga ulitokea ufalme mpya wa Waluba. Wanahistoria wabishana kama watu hao waliishi kweli au ni mfano tu. Mimi sioni lazima ya kuamua. Yatosha kuona kwamba babu zetu, walipotaka kueleza tofauti ya utawala mbaya na utawala mwema, walianza na ginsi mtu anavyokunywa.

Kisha walikuja watu wa dini. Arnot, Mprotestanti wa Scotland, alifika Bunkeya kwa Msiri mwaka wa 1886. Misioni za Kiprotestanti katika Katanga, wale wa Garenganze na Wametodisti baadaye, ziliwakataza wakristu wao pombe yote. Upande wetu mambo yalikuwa mengine. Wabenedikto walifika Katanga mwaka wa 1910, na Monsinyori Jean-Félix de Hemptinne aliwaongoza mpaka kufa kwake mwaka wa 1958. Watu hao walitoka Ubelgiji, inchi ambako monasteri zapika bia tangu karne nyingi. Walifuata Kanuni ya Mtakatifu Benedikto, ambayo katika sura ya 40 yampa kila mtawa kipimo chake cha divai kwa siku, hemina moja. Na waseminari wanaopenda kufunua Rituale Romanum ya zamani watapata ndani yake benedictio cerevisiae, yaani baraka ya bia. Wasiwasi wa mapadri wa kwanza haukuwa juu ya kinywaji chenyewe, bali juu ya mtungi uliomiminwa kwa mizimu, na juu ya ulevi. Lakini baraka ile ya kitabu, nani aliisoma juu ya mtungi wa munkoyo? Bia ya shayiri ilikuwa na sala yake; munkoyo ilibaki "desturi ya kishenzi". Hapo naona tulipoteza nafasi.

Mageuzi makubwa yalikuja na shaba. Union Minière iliundwa mwaka wa 1906, reli kutoka kusini ilifika Elisabethville mwaka wa 1910, na mji ukajaa wanaume waliotoka mbali bila wake zao. Mtu huyo hana shamba, hana mke wa kumpikia, hana majirani wa ukoo wake. Ana mshahara tu na kiu ya jioni. Nani atamuuzia? Mwaka wa 1925 Brasserie du Katanga ilianzishwa pale Elisabethville. Leo twaijua kwa jina la Brasimba. Kule Léopoldville wengine walikuwa wametangulia kuunda kompanyi yao mwaka wa 1923, lakini chupa yao ya kwanza ilitoka Desemba 1926. Katika Nairobi ndugu wawili Waingereza, George na Charles Hurst, walikuwa wameanza mwaka wa 1922. George aliuawa na tembo mwaka wa 1923, na bia yao ikaitwa Tusker, kwa jina la tembo mwenye pembe kubwa. Ni ajabu ginsi wapikaji wa bia wanavyopenda wanyama wakali! Basi katika miaka mitano hivi viwanda vya bia vilisimama katika sehemu tatu za Afrika yetu, na vyote vilifuata mambo yaleyale: reli, mshahara, mji.

Kimea na hopsi za bia hiyo zilitoka Ulaya kwa meli na kwa treni. Angalia vizuri: mama alitumia mzizi wa pori na mahindi ya shamba, kiwanda kilileta vyote kutoka ng'ambo, na bado kiwanda ndicho kilichoitwa maendeleo.

Serikali ilikuwa na woga wake. Mapatano ya Bruxelles ya mwaka wa 1890 yalikuwa yamezuia pombe kali ya kuvukishwa katika sehemu kubwa ya Afrika, kutoka digri 20 kaskazini mpaka digri 22 kusini. Juu ya hiyo Mwafrika wa Kongo ya Wabelgiji alikatazwa pombe kali miaka mingi, hali Mzungu alikunywa wiski barazani kwake. Katazo hilo halikuzuia kiu, lilizaa lutuku. Mahindi na mihogo vyavundishwa, vyachemshwa ndani ya pipa la chuma, mvuke wapitishwa katika bomba, na matone yanayotoka ni makali sana. Tena yaweza kuwa na sumu, kwa kuwa mpikaji wa kificho hana njia ya kuyapima. Lutuku si desturi ya wazee. Ni mtoto wa mji, wa pipa la chuma na wa sheria. Ninaposikia mhubiri akiunganisha munkoyo na lutuku kama dada wawili, napenda kumwuliza: pipa lilitoka wapi?

Tangu mwaka wa 1928 hivi Union Minière ilibadili mpango wake, ikawataka wafanyakazi wakae na wake zao kambini, miaka mingi, kwa posho ya unga. Pamoja na wake ulirudi mtungi. Hapo tendo la zamani lilipata sura mpya: mama hakupika tena kwa ajili ya majirani waliolima, alipika ili auze. Ua wa nyumba ukawa nyumba ya pombe. Zamani mtungi mmoja uliwakusanya watu. Sasa kila mmoja alilipa kikombe chake, na aliyekuwa na franga zaidi alikunywa zaidi. Kipimo kilichowekwa na mavuno kiliondoka, na hakuna kilichokirudia mahali pake isipokuwa siku ya mshahara.

Tusifikiri kwamba faida ya mama huyo ilikuwa mchezo tu. Gécamines, mrithi wa Union Minière, ilipoanguka katika miaka ya 1990, mishahara ilikaa miezi mingi bila kulipwa, na mwaka wa 2003 wafanyakazi zaidi ya 10,000 waliondolewa kwa mpango ulioitwa kuondoka kwa hiari. Baba alirudi nyumbani mikono mitupu. Nani alilipa shule? Katika nyumba nyingi za Kenya, Katuba na Ruashi ni mama, kwa meza yake ya soko, kwa makala, kwa munkoyo, na, tuseme ukweli, kwa lutuku pia. Watoto wa mitungi hiyo wamesoma. Wengine wao wamo ndani ya seminari zetu.

Mitwaba nako mambo yalipita hivyo, kwa hatua ndogo. Kompanyi ya Sermikat ilichimba bati kule, na kambi yake ilikuwa na siku zake za mshahara kama Elisabethville. Baadaye vita vya Mai-Mai viliteketeza vijiji, mpaka Gédéon Kyungu alipojitoa mikononi mwa majeshi ya Umoja wa Mataifa pale Mitwaba, mwezi wa tano mwaka wa 2006. Mtu anayekimbia haupiki mtungi. Munkoyo ikionekana tena katika kijiji ni alama kwamba mtu amelima, amevuna, na amebakiza kitu.

Kwa hiyo anayetaka kuona kiwanda kidogo cha pombe cha Katanga asitafute kibao mlangoni. Kiwanda kiko uani: moto wa mawe matatu, sufuria nyeusi, ndoo yenye kifuniko, bidoni za manjano zinazongoja wanunuzi kando ya njia. Aende asubuhi, uji ukiwa bado wapoa, ili aone wakati unapogeuka. Aulize siku ya kinywaji kabla ya kunywa, kwa kuwa munkoyo ya leo na ya juzi si kitu kimoja. Na akionja utamu mwingi kuliko wa nafaka, basi ajue kwamba mama ameongeza sukari ya dukani, kama wanavyofanya wengine siku hizi ili kuharakisha kazi.

Jambo moja lanitia wasiwasi zaidi kuliko ulevi. Mzizi wa munkoyo yachimbwa porini, ndani ya miombo, na miombo inayozunguka Lubumbashi yakatwa kila siku kwa ajili ya makala. Wachimbaji walazimika kwenda mbali zaidi, na bei ya mizizi sokoni yafuata urefu wa safari. Parokia zetu za vijijini zina mashamba, na mara mingi zina vijana wasio na kazi. Kuuliza wamama wazee kama mzizi huo waweza kuoteshwa shambani, na kuujaribu kwenye kipande kidogo nyuma ya misioni, hakuhitaji ruhusa ya mtu.